Chema chajiuza, ila sharti kionekane

WAHENGA walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimewafunza wanafunzi kwa miaka mingi pasipo kuitilia shaka hata chembe. Juma lililopita, hata hivyo, nililazimika kuipima upya, na kilichonilazimisha ni karatasi tatu zilizoletwa ofisini mwangu na kijana niliyemfundisha isimu miaka michache iliyopita.

Kijana huyo hakubahatika kupata kazi ya ualimu. Hujikimu kwa kuandika maelezo ya tovuti za kampuni mbalimbali. Safari hii kampuni moja ya utalii ilikuwa imempa kazi ya kuandika kuhusu hoteli za Pwani, ikamwekea sharti moja: maneno "hoteli nafuu Mombasa" yatokee mara 15 katika ukurasa mmoja, yakiwa vivyo hivyo, bila kuongezwa neno lolote katikati. Kijana alitii. Sentensi yake ya kwanza ilisema hivi: "Ukitafuta hoteli nafuu Mombasa, hoteli nafuu Mombasa zetu ndizo hoteli nafuu Mombasa zitakazokufaa."

Nilipomtazama kwa mshangao, alinijibu kwa unyonge: "Mwalimu, najua hiki si Kiswahili. Lakini wanasema nikiandika Kiswahili mashine haitauona ukurasa, na ukurasa usipoonekana silipwi."

Jibu hilo lilinichoma moyo, maana ndani yake mna swali linalotuhusu sote tunaofundisha na kujifunza lugha hii. Je, ni kweli kwamba ili maandishi ya Kiswahili yaonekane kwenye mtandao sharti kwanza Kiswahili kivunjwe? Jibu langu ni la. Lakini sitaki kulitoa kwa hamaki ya mlinzi wa sarufi. Nataka tuielewe mashine yenyewe kwanza, kwani asiyeujua mchezo hawezi kuulalamikia.

Mtambo wa kutafutia habari hausomi kama asomavyo binadamu. Huzitembelea kurasa, ukayanakili maneno yake, kisha ukayapanga katika kitu kinachofanana na faharasa iliyo nyuma ya kitabu: neno fulani liko kurasa zipi. Mtu anapouliza, mtambo hurejea kwenye faharasa hiyo. Tatizo ni kwamba kurasa zenye neno lililoulizwa huweza kuwa maelfu kwa maelfu. Ipi itangulizwe?

Mwaka 1972 mtaalamu Mwingereza, Karen Spärck Jones, alitoa wazo ambalo kila mwanaisimu angelifurahia. Alieleza kwamba neno linalopatikana katika kila andiko halisaidii kutofautisha maandiko, ilhali neno adimu lina uzito mkubwa. Mwanafunzi akiuliza "ngeli ya U-I", neno "ya" halina faida kwa mtambo, kwa sababu limejaa kila mahali. Neno "ngeli" ndilo libebalo mzigo.

Mitambo ya awali, kama vile AltaVista iliyozinduliwa mwaka 1995, ilitegemea sana maneno yaliyomo katika ukurasa wenyewe. Wajanja hawakukawia kuujua udhaifu huo. Wakaanza kurudia neno moja mara mia, wengine wakaliandika kwa rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe ili mtambo ulione na msomaji asilione. Sharti alilopewa kijana wangu ni urithi wa enzi hizo.

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walianzisha Google wakiwa na wazo jingine: kila kiungo kinachotoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kihesabiwe kama kura, na kura ya ukurasa unaoheshimika iwe na uzito zaidi. Wajanja nao wakaanza kuuza kura. Mwaka 2011 kampuni hiyo ilifanya mabadiliko yaliyopewa jina la Panda, yakilenga kurasa hafifu, na mwaka 2012 yakafuata ya Penguin, yaliyolenga hila za viungo. Leo hii masharti ya Google yenyewe yanataja kurundika maneno kuwa kosa linaloweza kuushusha ukurasa. Kwa hivyo mwenye kampuni aliyedai marudio 15 anakunywa dawa iliyokwisha muda wake, na kumnywesha kijana wa watu pia.

Hapa sasa natamani mwanaisimu asikizwe. Mengi ya maarifa ya uandishi huu yalibuniwa kwa ajili ya Kiingereza, nasi tumeyapokea bila kuuliza kama yanatufaa. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni mashuhuri ya kuifunza kompyuta kukata mikia ya maneno ya Kiingereza ili maneno ya asili moja yatambulikane. Kanuni hiyo yaifaa lugha ambayo maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Kiswahili je? Chukua mzizi -som-. Tunapata anasoma, walisoma, tutasoma, somo, masomo, msomaji, wasomaji, usomaji na kisomo. Ukikata mkia wa "wasomaji", kichwa bado kimesalia. Mwanafunzi wa shule ya upili anayelitafuta neno "waliponunuliwa" katika kamusi hujua kwamba hana budi kulivua viambishi hadi afikie "nunua". Mashine nayo yapaswa kufunzwa vivyo hivyo.

Fauka ya hayo, upatanisho wa kisarufi si pambo. Ni habari. Neno "mbuzi" peke yake halituambii kama ni mnyama au ni kifaa cha kukunia nazi. Tukisema "mbuzi mzuri" tumemjua mnyama. Tukisema "mbuzi nzuri" tumekijua kifaa. "Paa mkubwa" yumo mwituni, "paa kubwa" liko juu ya nyumba. Sasa ondoa upatanisho, uandike "mbuzi bei nafuu Mombasa" kama itakavyo ile kampuni. Umemwacha msomaji gizani. Umeiacha na mashine gizani pia, kwa sababu mitambo ya siku hizi huchunguza majirani wa neno ili kuitambua maana. Tangu mwaka 2019 Google imekuwa ikitumia mbinu iitwayo BERT, ambayo hulitazama neno pamoja na yaliyolitangulia na yanayolifuata. Mwenye kuivunja sarufi kwa matumaini ya kuipendeza mashine anainyang'anya ushahidi inaouhitaji.

Lakini haki itendeke kwa pande zote. Yule mwenye kampuni hakukosea katika kila jambo. Yuko sahihi kwamba neno analolitumia mwulizaji sharti liwemo katika ukurasa. Kosa hili la upande wa pili nalijua vyema kwa kuwa nimelitenda mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliyaweka mtandaoni maelezo yangu kuhusu viambishi, kazi iliyonichukua likizo nzima. Kwa kuwa napenda lugha ya mafumbo, niliyapa anwani ya "Mbegu za Neno". Naam, ilikuwa anwani tamu. Kisha siku moja nikamshuhudia mwanafunzi wangu akitafuta "viambishi awali na tamati" kwenye simu yake. Maelezo yangu hayakuonekana. Alichokipata ni ukurasa uliotafsiriwa kwa mashine, uliodai kwamba "kila hukumu huhitaji kitenzi", kana kwamba wanafunzi wetu wamefikishwa mahakamani!

Kampuni ile iliandikia mashine ikamsahau mtu. Mimi nilijiandikia mwenyewe nikamsahau anayetafuta. Makosa yetu ni mawili, lakini tiba yake ni moja: kuandika kwa ajili ya yule anayeuliza, kwa maneno anayoulizia, na kumpa jibu bila kumzungusha.

Hilo latulazimisha tuutazame upya ubishi wetu wa istilahi. Tumebishana kwa miaka kuhusu tarakilishi, kompyuta na ngamizi. Kuhusu rununu, simu ya mkononi na simu tamba. Wataalamu wa zamani walizungumzia ngeli ya M-WA, ilhali darasani leo mwanafunzi husikia A-WA. Mwandishi akishikilia neno moja na mwulizaji akajua jingine, wawili hao huweza kupishana kama wasafiri usiku. Mwandishi mwenye busara hutaja yote mawili mahali panapofaa: "tarakilishi, ambayo wengi huiita kompyuta". Hapo hajaivunja kanuni yoyote ya sarufi, na mlango ameufungua kwa wote.

Nilikaa na kijana wangu tukaziandika upya zile karatasi. Badala ya maneno yake 15 tuliandika: "Je, watafuta hoteli ya bei nafuu mjini Mombasa? Ukurasa huu unakueleza bei za vyumba, umbali kutoka ufuoni, na namna ya kufika ukitokea kituo cha reli cha Miritini au ukivuka feri ya Likoni." Anwani ikataja hoteli za bei nafuu Mombasa waziwazi. Kila sehemu ikapewa kichwa chake kidogo. Maneno hoteli, vyumba, malazi, ufuo na Pwani yakaja yenyewe, kwa sababu mtu anayeeleza hoteli kwa ukweli hawezi kuyakwepa.

Mwalimu wa insha atatambua kwamba hapa hapana jambo geni. Anwani isadifu yaliyomo. Aya ya kwanza itaje hoja. Kila aya ibebe wazo moja. Mwandishi aseme analolijua. Anayeandika kuhusu dalili za malaria aanze kwa kuzitaja: homa, kutetemeka kwa baridi, kuumwa na kichwa. Asianze kwa kueleza jinsi afya ilivyo muhimu kwa taifa. Nyongeza ni chache tu. Maelezo yawekwe kama maandishi, si picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu, kwani maneno yaliyo ndani ya picha huwa vigumu kufikiwa. Jina la mwandishi na tarehe vionekane. Na kurasa zinazohusiana ziunganishwe, ili anayesoma kuhusu viambishi aelekezwe kwenye mnyambuliko wa vitenzi.

Huenda msomaji akaniuliza, ya nini harara hii yote? Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, tamko lililotolewa mwaka 2021, tumekuwa tukiiadhimisha kwa hotuba na ngoma. Ni jambo jema. Lakini mtoto anayefanya kazi ya ziada saa mbili usiku hazitafuti hotuba zetu. Anatafuta maana ya sitiari, au tofauti baina ya kishazi na kirai. Akiuliza kwa Kiswahili mara tatu na mara tatu apate takataka, mara ya nne atauliza kwa Kiingereza, na hatarudi. Hapo hatakuwa ameikana lugha yake. Lugha yake itakuwa imemkosa alipoihitaji.

Isitoshe, jambo hili limeongezeka uzito. Kwa baadhi ya maswali, Google sasa huweka juu ya orodha jibu lililotungwa na mashine yenyewe. Mashine hiyo haina kisima chake cha hekima. Huchota katika maandishi tuliyoyaacha mtandaoni. Lugha ya Kiingereza imeirundikia maandishi mlima kwa mlima. Sisi tukiiachia "hoteli nafuu Mombasa" na "kila hukumu huhitaji kitenzi", tusishangae siku itakapowafundisha watoto wetu Kiswahili hicho hicho.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Wenye kampuni wamlipe mwandishi kwa ufasaha na ukweli wa maelezo yake, si kwa idadi ya marudio. Wanafunzi waendelee kuuliza kwa Kiswahili, na wakikutana na ukurasa mbovu wautambue na kuukataa, kama wanavyoikataa sentensi mbovu darasani. Nasi walimu, wa shule na wa vyuo, kila mmoja wetu aandike walau ukurasa mmoja mzuri kila muhula juu ya jambo analolifundisha vyema kuliko mengine, auweke pale unapoweza kupatikana, na aupe anwani ambayo mwanafunzi wake angeiulizia.

Mimi nimekwisha kuanza. "Mbegu za Neno" sasa yaitwa "Viambishi awali na viambishi tamati vya Kiswahili: maana na mifano". Anwani hiyo haina utamu wa ile ya kwanza, nakiri. Kijana wangu naye amezirejesha karatasi zake kwa mwajiri wake, na jibu bado hajapewa. Chema chajiuza, walisema wahenga, nao hawakukosea. Lakini wao walikuwa wakikiweka chema chao barazani, mahali ambapo kila apitaye hukiona.