Anayeikosoa Serikali Hajalitukana Kabila

Kwa Mwenyekiti na Makamishna,
Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano (NCIC),
Nairobi.

Waheshimiwa,

Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu, mlitoa orodha ya maneno mliyotuonya tusiyatumie kwa kuwa ni ya chuki. Katika orodha hiyo lilikuwemo "madoadoa", neno lililowaandama watu waliofukuzwa Bonde la Ufa kwa sababu ya kabila lao. Lilikuwemo pia "hatupangwingwi", maana yake hatupangiwi na mtu. La kwanza ni notisi ya kuhama anayopewa jirani. La pili ni kauli ya mpiga kura aliyechoka kuamuliwa na wakubwa. Mliyaweka kapu moja, na hilo ndilo lililonifanya niandike kutoka Nyeri.

Sidai kwamba kazi yenu ni rahisi. Januari mwaka huohuo, Mithika Linturi, wakati huo Seneta wa Meru, alisimama Eldoret akawaambia watu waondoe madoadoa. Alikamatwa, akaomba radhi, akajitetea kwamba hakukusudia kabila la mtu. Huenda ndivyo. Lakini nje kidogo ya mji huo ndipo lilipokuwa kanisa la Kiambaa, na mwanasiasa mzoefu hawezi kudai hakujua yuko wapi.

Turudi basi Kiambaa. Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007 Mwai Kibaki, mtu wetu wa Othaya, aliapishwa Ikulu haraka haraka. Waliosema kura zimechezewa walikuwa na haki ya kusema, tena kwa ukali wowote. Hata Tume ya Kriegler, iliyouchunguza uchaguzi huo, ilikuja kukiri kwamba uchaguzi ule uliharibiwa kiasi kwamba haiwezekani kumjua mshindi. Hapa Nyeri wengi wetu tuliyasikia malalamiko hayo kama matusi kwa Wakikuyu. Yalikuwa malalamiko kuhusu tume ya uchaguzi na Ikulu, na yalikuwa na msingi. Ila tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa lilichomwa likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Hakuna hata mmoja wao aliyehesabu kura. Mwisho wa mwezi vijana wa upande wetu wakalipiza Naivasha, ambako watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Nao hawakuwa wamechoma kanisa lolote.

Kwangu kipimo ni hicho: lawama inamwangukia nani? Ikimwangukia aliyeshika madaraka kwa aliyoyatenda, huo ni ukosoaji, hata ukiwa mchungu, hata ukiwa na makosa. Ikimwangukia mtu kwa sababu tu anashiriki lugha, dini au damu na aliyeshika madaraka, hiyo ni chuki, hata ikisemwa kwa upole na kwa takwimu.

Wanaotuvurugia kipimo hiki mara nyingi ni viongozi wenyewe. Rigathi Gachagua wa Mathira, akiwa Naibu wa Rais, alizunguka akisema serikali ni kampuni yenye hisa na waliowekeza kura ndio wa kwanza kula. Oktoba 2024 Seneti ilimng'oa kwa mashtaka 5 kati ya 11, yakiwemo ya matamshi ya kugawanya wananchi kikabila. Huku eneo la Mlima Kenya wako wanaosema alionewa, na sitaki kuingia katika mabishano hayo. Linalonikera ni kwamba maneno yale yalituandika sote kwenye daftari la serikali: mama anayeuza viazi Karatina akawa mwenyehisa wa maamuzi ambayo hakuulizwa. Na mwenyehisa hupata hasara kampuni ikifilisika. Kiongozi anayesema "ukinigusa umegusa jamii yangu" hailindi jamii. Anaisimamisha mbele yake ipigwe yeye.

Sisi tuliobebeshwa hivyo lawama za viongozi wetu tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa suala la Wayahudi. Badala yake, tangu vita vya Gaza vianze Oktoba 2023, nasikia makosa yote mawili katika miji yetu, kuanzia Nyeri hadi Nanyuki: ukosoaji kuitwa chuki, na chuki kujificha kama ukosoaji. Mimbarini, mtu akisema serikali ya Netanyahu huko Israeli imeua raia wengi mno Gaza, anafunguliwa Mwanzo 12:3 na kuambiwa analiletea taifa laana kwa kuwachukia Wayahudi. Sijui wahubiri hao wangewaambia nini maelfu kwa maelfu ya Waisraeli waliojaza barabara za Tel Aviv mwaka 2023, wiki baada ya wiki, wakiipinga serikali hiyohiyo kwa kutaka kuidhoofisha mahakama. Hata ufafanuzi wa chuki dhidi ya Wayahudi uliotolewa mwaka 2016 na IHRA, muungano wa kimataifa wa kumbukumbu ya Holokosti, ambao wengi huutumia kama rungu, unasema kuikosoa Israeli kama inavyokosolewa nchi nyingine yoyote si chuki dhidi ya Wayahudi.

Kwenye simu nako zinapita sauti za wanaojifanya wanajua siri: Wayahudi ndio wenye benki zote, ndio waliotuletea IMF, ndio wanaoendesha dunia. Hapo Gaza imekuwa kisingizio tu. Nasi, kwa kichekesho cha ajabu, hupenda kujisifu kwamba Mkikuyu ndiye Myahudi wa Kenya, tukimaanisha kujua pesa. Sifa hiyo na tusi lile ni uzushi uleule.

Msidhani ni mambo ya mbali. Usiku wa 31 Desemba 1980 bomu lililipuka katika hoteli ya Norfolk, Nairobi, likaua watu wapatao 20. Inaaminika kilikuwa kisasi kwa sababu Kenya iliruhusu ndege za Israeli kutua Nairobi katika uokoaji wa mateka Entebbe, Uganda, Julai 1976. Hoteli ilikuwa ya akina Block, familia ya Kiyahudi iliyokuwa Kenya tangu mwanzo wa karne ya 20. Anayeipinga Israeli kwa Entebbe angeweza kuandika, kuandamana, kumlaani waziri mkuu wake. Waliokufa Norfolk walikuwa wakisubiri mwaka mpya.

Leo karibu na Nyahururu kuna jamii ndogo ya Wakenya wanaofuata dini ya Kiyahudi, wakulima kama sisi. Sheria yenu ya 2008 inapoeleza kundi la kikabila inataja pia dini na asili ya kitaifa, kwa hiyo inawahusu. Kuwalinda hakumlazimu mtu kuisifu serikali ya Jerusalem, kama vile kumlinda Mkikuyu wa Burnt Forest, huko Bonde la Ufa, hakukumlazimu mtu kumpigia kura Kibaki.

Ninachoomba ni mwongozo mfupi, kwa Kiswahili na kwa lugha za mashinani, wenye mifano halisi, ukiwemo huu wa Wayahudi. Useme wazi kwamba ofisa wa serikali akilalamikia chuki, sharti aonyeshe ni mtu gani asiye na madaraka aliyelengwa, la sivyo faili lifungwe. Uanze kwa machifu na maofisa wa vituo vya polisi, maana malalamiko hufika kwao kabla ya kufika kwenu, kisha uende kwa mabaraza ya wachungaji. Na uwafikie kabla kampeni za 2027 hazijapamba moto.

Wenu,
Mkazi wa Nyeri