Safari ya siku moja Nairobi: Anayelisha nyumbu hajui harufu ya ada ya langoni

SAA kumi na mbili asubuhi, kabla ya msongamano wa magari kuziba barabara ya Lang'ata, magari ya watalii yenye paa la kuinuliwa huwa tayari yamejipanga kwenye Lango Kuu la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Ndani yake mna wageni waliokuja jijini kwa mkutano, wengine wanaosubiri ndege ya usiku, na familia za Nairobi zilizoamua kuwaonyesha watoto simba wikendi.

Kufikia adhuhuri, dereva mwelekezi huwa amewazungusha wageni wake kwenye vidimbwi vya viboko, akawaonyesha kifaru, nyati, twiga na pundamilia, na siku ya bahati, simba. Huwapitisha pia mahali ambapo pembe za ndovu ziliteketezwa, tani 12 mwaka wa 1989 na tani 105 mwaka wa 2016, ingawa ndovu wenyewe hawapatikani katika mbuga hii. Picha ya mwisho huwa ya twiga huku majumba marefu ya jiji yakionekana nyuma yake. Alasiri mgeni yuko hotelini au njiani kuelekea uwanja wa ndege.

Ni biashara ambayo miji mikuu mingi duniani haina. Mbuga iko takriban kilomita saba kutoka katikati ya jiji. Mgeni hahitaji kupanda ndege nyingine, kulala hemani wala kutenga siku nne za likizo. Hata hivyo, yeyote anayefuga atauliza swali la kawaida akiwaona wanyama hao wamenona: Je, malisho yao yanatoka wapi, na mwenye malisho hulipwa nini?

Boma la kiangazi

Mbuga hii ilianzishwa mwaka wa 1946 na ndiyo kongwe zaidi humu nchini. Ukubwa wake ni kilomita 117 mraba, yaani karibu ekari 29,000. Kaskazini, mashariki na magharibi imezungushiwa ua. Kusini mpaka ni mto Mbagathi, na kwa muda mrefu wanyama wamekuwa wakiuvuka kuingia nyanda za Athi-Kaputiei, ambazo zina ukubwa wa zaidi ya kilomita 2,000 mraba.

Wakati wa kiangazi wanyama hurudi mbugani kwa sababu kuna maji ya kudumu. Mvua inaponyesha, nyumbu, pundamilia na pofu hutoka kufuata nyasi fupi zenye madini huko Kajiado. Nyasi fupi humwezesha mnyama aliye na ndama kumwona simba akiwa mbali. Kwa lugha ya mfugaji, mbuga ni boma la kiangazi, na malisho ya masika yako kwa jirani.

Jirani huyo ni mfugaji mwenye hatimiliki. Nyasi anazokula nyumbu ni zile zile ambazo ng'ombe wake wangekula. Isitoshe, nyumbu wanapozaa, mfugaji hulazimika kuhamisha ng'ombe wake mbali na malisho hayo. Ndama wa nyumbu hutoa virusi kupitia kamasi na machozi, virusi ambavyo haviwadhuru nyumbu lakini huua ng'ombe. Kwa hivyo mfugaji hupoteza malisho bora katika msimu bora, na usiku hulazimika kukesha akilinda zizi dhidi ya simba na fisi.

Matokeo yake yanaonekana katika hesabu ya wanyama. Mwishoni mwa miaka ya 1970, nyumbu wa nyanda hizo walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Kufikia mwaka wa 2011 walikuwa wamebaki elfu chache tu. Wageni wanaozuru mbuga siku hizi huona mabaki ya msafara ambao zamani ulikuwa mkubwa ajabu.

Ekari moja, hesabu tatu

Ardhi ya Kitengela ilikuwa ranchi ya pamoja hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, ilipogawanywa na kila mwanachama kupewa kipande chake. Mnamo 1990 eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje (EPZ) lilianzishwa Athi River, na wafanyakazi wakahitaji mahali pa kulala. Kituo kidogo cha biashara kando ya barabara ya Namanga kikageuka mji. Katika sensa ya 2019, Kitengela ilikuwa na zaidi ya watu 150,000. Kaunti nzima ya Kajiado ilitoka watu 687,312 mwaka wa 2009 hadi 1,117,840 miaka kumi baadaye.

Katika hali hiyo, mwenye ekari ana njia tatu. Ya kwanza ni kuendelea kufuga. Ya pili ni kulima, ambako mvua si ya kutegemewa na anayefaulu ni yule aliyechimba kisima na kujenga kivungulio. Ya tatu ni kuuza. Ekari moja hutoa ploti nane za hamsini kwa mia, na madalali wa ardhi hawakawii kumkumbusha mzee kuhusu hesabu hiyo.

Ploti moja karibu na barabara huweza kumletea mwenye ardhi mamia ya maelfu ya shilingi kwa siku moja. Ng'ombe hawawezi kushindana na fedha hizo, hasa katika mwezi ambao mtoto amepata nafasi chuoni na karo haijapatikana.

Kila anayenunua huweka seng'enge. Ua huo humzuia nyumbu, lakini humzuia pia ng'ombe wa jirani. Katika ukame wa 2009, na ule wa miaka ya 2020 hadi 2022 ambapo misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha, mfugaji aliyenusurika ni yule aliyeweza kuhamisha mifugo. Ardhi iliyokatwakatwa inampokonya kinga hiyo. Kwa maana hii, anayetaka kuuza nyama na maziwa na anayetaka kuuza safari ya mbugani wanahitaji kitu kimoja: nyanda zisizo na ua.

Kodi ya Sh300

Jambo hili lilijulikana mapema. Mnamo 2000 ulianzishwa mpango wa kukodisha ardhi Kitengela, uliosimamiwa baadaye na shirika la The Wildlife Foundation. Mfugaji alilipwa Sh300 kwa ekari kwa mwaka, takriban dola nne wakati huo. Masharti yalikuwa asiweke ua, asilime, asiuze ardhi wala kuwadhuru wanyamapori. Malipo yalitolewa mara tatu kwa mwaka, shule zinapofunguliwa.

Mpangilio huo wa malipo ulikuwa wa busara. Karo ni mojawapo ya sababu kuu za kuuza ng'ombe au kipande cha ardhi kwa haraka, na fedha zilizofika muhula ulipoanza zilimwondolea mzazi sababu hiyo. Mamia ya familia zilijiunga.

Udhaifu wake ulikuwa kwamba fedha zilitoka kwa wafadhili. Mfadhili akichelewa, kodi huchelewa, na mfadhili akimaliza mradi wake, mfugaji hubaki na masharti bila malipo. Dalali wa ardhi naye hulipa taslimu.

Tazama hesabu ya langoni. Kwa miaka mingi hadi 2025, mtu mzima raia wa Kenya alilipa Sh430 kuingia, na mgeni kutoka ng'ambo dola 43. Mwaka huo wa 2025 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza ada mpya za Sh1,000 kwa raia na dola 80 kwa mgeni.

Familia yenye ekari 100 chini ya mpango wa Kitengela ilipata Sh30,000 kwa mwaka, yaani dola 400 kwa thamani ya wakati ule. Kwa ada ya dola 80, wageni watano katika gari moja hulipa kiasi hicho asubuhi moja. Familia ilikuwa inalipwa kiasi hicho kwa kulisha wanyama na kuwavumilia mwaka mzima.

Mgeni asiyelala

Wengi huuliza kwa nini Kajiado isiige wenzao wa Maasai Mara, ambako wenye ardhi wameunda hifadhi za kijamii na hulipwa kodi na kampuni za kitalii. Olare Orok, iliyoanzishwa mwaka wa 2006, ni mfano unaotajwa sana.

Tofauti iko kwenye kitanda. Kule Mara, mgeni hulala ndani ya hifadhi usiku mmoja au zaidi, na kodi ya mfugaji hutokana na malipo ya malazi. Mwekezaji mwenye kambi anajua kwamba bila ardhi ya mfugaji hana biashara, hivyo mkataba ni wa pande mbili.

Nairobi mgeni huja na kuondoka. Fedha zake za malazi hubaki katika hoteli za jijini, za chakula katika mikahawa ya Lang'ata na Karen, na za usafiri kwa kampuni ya magari. Upande wa kusini wa mto Mbagathi kuna juhudi za wenye ardhi, kama hifadhi ya Naretunoi, lakini wageni wengi wa siku moja hawavuki mto huo. Wanaingia na kutoka kupitia mlango wa jiji.

Kwa hivyo, mahali pekee ambapo kila mgeni wa siku moja hupitia na kulipa ni langoni. Iwapo kodi ya malisho haitatengwa hapo, ni vigumu kuona itakapotoka.

Chukua mfano wa ekari 60,000 zinazokodishwa kwa dola 20 kila moja, mara tano ya kiwango cha mwaka wa 2000. Gharama ni dola milioni 1.2 kwa mwaka. Kiasi hicho ni sawa na ada ya wageni 15,000 wanaolipa dola 80. Mbuga hii hupokea zaidi ya wageni laki moja katika mwaka wa kawaida, ingawa wengi wao ni raia wanaolipa kidogo. Mzigo huo si mwepesi kwa KWS, ambayo hutegemea mbuga zenye mapato kugharimia zile zisizo na wageni. Lakini ni mzigo unaobebeka iwapo kampuni za watalii na hoteli za jijini zitachangia sehemu yao.

Simba hana mpaka

Kodi ya nyasi pekee haitatosha. Juni 2012, wakazi wa Kitengela waliwaua simba sita baada ya mbuzi wao kuliwa. Machi 2016, simba dume aliyejulikana kama Mohawk alipigwa risasi na maafisa wa KWS Isinya baada ya kutoka mbugani na kumjeruhi mtu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inatambua fidia kwa mifugo walioliwa, lakini malipo yamekuwa yakichukua muda mrefu kiasi cha mfugaji kukata tamaa.

Mbuzi aliyeliwa leo ni karo ya Januari. Fidia inayofika miaka mitatu baadaye haiwezi kununua subira ya mfugaji. Gharama ya taa za kumulika zizini na seng'enge imara za boma ni ndogo kuliko thamani ya simba mmoja kwa biashara ya utalii, na ingefaa ihesabiwe kama gharama ya kawaida ya kuendesha mbuga.

Ua au kodi

Wapo wanaoona kwamba suluhu ni kufunga upande wa kusini. Pendekezo la aina hiyo lilizua mjadala mkali mwaka wa 2020, wakati rasimu ya mpango wa usimamizi wa mbuga ilipotolewa. Lina mvuto wake: simba hatatoka, na mfugaji atalala. Lakini ekari 29,000 haziwezi kuchukua nafasi ya nyanda za zaidi ya kilomita 2,000 mraba. Nyumbu wangekosa malisho ya masika, na mbuga ingehitaji kuendeshwa kama shamba la mifugo, kwa gharama ya shamba la mifugo. Tayari mbuga inabanwa na miundombinu, likiwemo daraja la reli ya SGR la kilomita sita lililojengwa juu yake kuanzia 2018.

Iwapo kodi itarejeshwa, ekari zote hazina thamani sawa. Kipande kimoja chenye ua karibu na mto huweza kufanya maelfu ya ekari zilizo nyuma yake zisifikike. Ingekuwa busara kulipa zaidi kwa ardhi iliyo kwenye njia ya wanyama, na kuongeza nyongeza pale majirani wote wa njia hiyo wanapojiunga pamoja. Mkataba uwe wa miaka mingi, kiwango kipande bei za bidhaa zinapopanda, na malipo yafike kabla ya shule kufunguliwa.

Dereva mwelekezi anayeingia Lang'ata alfajiri ana hisa katika suala hili kuliko anavyodhani, kwa kuwa ujira wake unategemea nyasi za mzee wa Kaputiei. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika biashara hii mgeni amekuja na amelipa. Mwenyeji anayelisha wanyama hajapona, na kila ploti anayouza inapunguza kile ambacho mgeni wa kesho atakuja kukiona.