Usinifokee, Nieleze Klachi Inafanya Nini

Likizo ndefu ikifika, wanachuo wengi tunakimbilia shule za udereva. Leseni siku hizi imekuwa kama cheti cha pili: ukiomba kazi, inakaa vizuri kwenye wasifu wako. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyofundishwa kubadili gia. Amri zinamiminika kama tuko kwenye gwaride: "Klachi! Gia! Mafuta! Achia!" Gari likiruka kama chura na kuzima, unafokewa. Ukiuliza kwa nini limezima, jibu ni moja tu: utazoea.

Sisi tunaosomea ualimu tunaambiwa kila siku kwamba mwanafunzi anayekariri bila kuelewa ataanguka swali likigeuzwa kidogo. Sasa barabarani swali linageuzwa kila kona: kilima, foleni, tuta, mvua. Ndiyo maana nasema mwalimu wa udereva aanze kueleza kinachotokea chini ya gari kabla hajamwambia mtu awashe.

Na wala si fizikia ya kutisha. Injini ikishawaka inazunguka muda wote, ila magurudumu mara yamesimama, mara yanakimbia. Klachi ndiyo inayounganisha pande hizo mbili. Ukiikanyaga, injini inaachana na giaboksi. Ukiiachia, vinashikana tena. Katikati pana sehemu ndogo ambapo klachi inaanza kushika: sauti ya injini inashuka kidogo na gari linataka kusogea. Hapo mguu wa kushoto unatakiwa utulie kidogo huku wa kulia ukiongeza mafuta taratibu. Anayejua hivyo haachii klachi kwa pupa, hata asipofokewa.

Kupanda gia nako kuna sababu zake. Gari linashtuka kwa kuwa mzunguko wa injini haulingani na gia mpya. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, injini inatakiwa kupunguza mzunguko. Kwa hiyo toa mguu kwenye mafuta, kanyaga klachi hadi mwisho, sogeza gia bila kuilazimisha, kisha achia klachi taratibu. Kwa gari dogo la petroli, mizunguko kati ya 2,000 na 2,500 kwa dakika inatosha kubadilia kwa mwendo wa kawaida. Kushuka ni kinyume chake: gia ndogo inataka injini izunguke zaidi, hivyo gusa mafuta kidogo kabla ya kuachia klachi. Ukipatia, abiria aliyesinzia haamki.

Najua kuna atakayesema, aisee, huo ni urembo tu, muhimu gari liende. Basi tuzungumzie mteremko wa Kitonga, kule Iringa. Wenzetu wanaotoka Mbeya na Iringa kuja Dar wanaushuka kila wakija chuo. Dereva wa basi au lori akishuka pale kwa kutegemea breki tupu, breki zinapata moto na kupungua nguvu. Kinachotakiwa kulishikilia gari ni gia ndogo aliyoingiza mapema, kabla mteremko haujaanza, injini yenyewe ikizuia mwendo. Aliyekariri kwamba gia ndogo ni ya kuondokea tu hatalifikiria hilo. Ataikumbuka katikati ya mteremko, mwendo umeshakuwa mkubwa, gia inagoma kuingia, na gari linabaki fri likiwa limejaa watu.

Wapo hata wanaoshuka fri kwa makusudi, eti wanaokoa mafuta. Kwa magari ya sasa ambayo mafuta yanapimwa kwa kompyuta, hiyo ni hasara. Ukishuka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, injini inazungushwa na magurudumu na mafuta yanakatwa. Ukiweka fri, injini inabidi ipewe mafuta ili isizime. Yaani unalipia hatari kwa pesa yako mwenyewe.

Hoja nyingine ninayoisikia sana hosteli ni kwamba magari ya otomatiki yamejaa mjini, gia za nini? Kweli yamejaa. Lakini wengi wetu hatutapangiwa kazi mjini. Huko vijijini magari ya kazi, pikapu na Land Cruiser za miradi, mengi bado yana klachi. Tena hata otomatiki nyingi zina alama za 2 na L kwenye gia, na zimewekwa kwa ajili ya miteremko hiyohiyo. Mtu asiyeelewa gia ndogo inafanya nini ataziona kama mapambo.

Ninachoomba si kikubwa. Saa ya kwanza ya mafunzo iwe ubaoni: mchoro wa injini, klachi na giaboksi, maswali yaruhusiwe, kisha ndiyo tuingie barabarani. Nawe unayepanga kujiandikisha likizo hii, kabla hujalipa ada waulize swali moja: gari likinizimikia, mtanieleza sababu au mtanifokea? Wakicheka tu, nenda shule nyingine. Anayefundisha udereva anafundisha mtu atakayebeba roho za watu wengine, na anayebeba roho za watu anastahili kuelezwa.