Binti Akatazwa, Kijana Aachwe?

Juma lililopita, baada ya swala ya Isha, mzazi mmoja wa hapa Tunduma alituletea karatasi mbili ofisini kwa kamati. Wanawe wawili wako chuoni, wote wanamichezo, na kila mmoja amepata wa kumdhamini. Binti, mchezaji wa netiboli, ametakiwa na duka la vifaa vya michezo apigwe picha za matangazo akiwa amevaa nguo za kubana. Kijana, mshambuliaji wa timu ya chuo, ameahidiwa viatu na posho ya kila mwezi ili avae fulana za kampuni ya kubashiri na kuwahimiza wenzake wabashiri.

Mzazi alituuliza juu ya binti tu. Alikuwa amekwisha kuamua kumwachisha netiboli kabisa. Karatasi ya kijana aliileta ili tumsaidie kuona kama posho inatosha.

Tulimfungulia Suratul Maida, aya ya 90. Humo ulevi na kamari vimekatazwa kwa pamoja, wala haikutengwa hukumu ya mabinti na nyingine ya wavulana. Tunakiri kuwa macho yetu yamezoea. Simba na Yanga walianza kuvaa nembo ya SportPesa mwaka 2017, na mwaka 2022 Simba wakaingia mkataba na M-Bet wa zaidi ya shilingi bilioni 26 kwa miaka mitano. Watoto huja madrasa na jezi hizo nasi tukanyamaza. Ligi Kuu ya Wanawake nayo ilipopata mdhamini mwaka 2018, ilikuwa bia, Serengeti Lite.

Kuhusu binti, tulimwambia mzazi kwamba kosa liko katika sharti la mavazi, si katika netiboli. Ibtihaj Muhammad, Mwislamu wa Marekani aliyecheza mchezo wa vitara tangu sekondari, alitwaa medali ya shaba ya timu huko Rio mwaka 2016 akiwa na hijabu. Mwaka uliofuata kampuni ya Mattel ilitangaza mwanasesere wa mfano wake, naye amevaa hijabu.

Juzi binti alirudi dukani pamoja na mama yake. Mwenye duka amekubali picha za hijabu na nguo pana, ila amepunguza malipo. (Tungependa kujua sababu, maana mpira anaoudaka ni uleule.) Binti ameridhia.

Kijana bado hajasema nasi. Tumewaomba wafanyabiashara wawili wa mpakani wanaoswali nasi Ijumaa wamnunulie viatu. Mmoja amekwisha kutoa. Karatasi ya kampuni ya kubashiri ingali katika jalada letu, haijatiwa saini.