KUSOMA NI KUFAHAMU

Wasomaji wetu walio wengi ni watu wa kalamu na karatasi. Kazi yetu ya kila siku ni nyaraka, hati, fomu na matangazo, hata twaweza kusahau ya kuwa karatasi hizo ni jambo gumu kwa mtu asiyezizoea. Lakini kila karani akaaye mbele ya dirisha la afisi amepata kuona jambo hili: huja kijana aliyemaliza shule, mwandiko wake mzuri, akasoma fomu aliyopewa kwa sauti bila kukwama, kisha akainua macho akauliza, "Bwana, hapa wataka niandike nini?" Herufi hakukosa hata moja. Alichokosa ni maana.

Jambo hili si dogo, wala si la kuchekwa. Asiyefahamu tangazo hupitwa na siku ya mwisho. Asiyefahamu hati ya mkopo hutia sahihi yake chini ya deni asilolijua kiasi chake. Asiyefahamu maagizo ya dawa ya kunyunyizia mimea hujidhuru yeye na wana wake. Tena akija kulalamika hujibiwa, "Si uliandikiwa, na wewe wajua kusoma?" Kwa hiyo twaona yafaa tuseme juu ya jinsi watoto wetu wafundishwavyo kusoma, na hasa kusoma maandishi ya maarifa, yaani yale yasiyosimulia kisa, bali yaeleza jinsi kitu kilivyo, jinsi kifanywavyo, au masharti yapasayo kutimizwa.

Hadithi na maandishi ya maarifa si mamoja. Katika hadithi mtoto hufuata njia aliyoizoea tangu mapajani mwa bibi yake: palikuwa na mtu, akapatwa na jambo, akafanya hivi, mwisho ukawa vile. Neno moja likimpita, kisa chenyewe humwongoza hata akafika. Maandishi ya maarifa hayana mtu wa kumfuata. Yana vichwa vya habari, jedwali, picha zenye maelezo na hesabu. Tena yana maneno madogo yabebayo mzigo mkubwa: isipokuwa, endapo, angalau, kabla ya, yote, pasipo. Neno la namna hiyo likiachwa, maana yote hugeuka, wala hapana kisa cha kumrudisha msomaji njiani.

Tutoe mfano mmoja. Mtoto akiharisha, mama yake hupewa katika kituo cha afya pakiti za unga wa chumvi na sukari uitwao ORS. Maagizo ya pakiti ya kawaida ni mafupi: unga wote uchanganywe na maji safi ya kunywa, lita 1, na kinywaji hicho kitumiwe katika muda wa saa 24, kikisalia kimwagwe. Lakini hesabuni mambo yaliyomo. Unga wote, si nusu yake. Lita 1, si kikombe kimoja. Maji safi, si ya kisima chochote. Saa 24, si mpaka kiishe. Maji yakiwa haba chumvi huzidi, na chumvi ikizidi humdhuru mgonjwa. Maji yakiwa mengi mno dawa hupungua nguvu. Na katika nyumba nyingi msomaji ni mtoto wa Darasa la Nne au la Tano, ambaye bibi yake humpa pakiti na kusema, "Hebu nisomee, mjukuu wangu." Mtoto huyo akitamka maneno yote sawasawa lakini asijue lipi la kushikwa, kusoma kwake hakukumfaa mgonjwa.

Nchi yetu si ngeni katika kazi hii. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kupiga chapa gazeti la Mambo Leo, nalo lilichanganya habari na mashairi pamoja na mafundisho ya kilimo na afya. Miaka 50 baadaye, mwaka 1973, Tanzania ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2, waume kwa wake, walikutana katika vikundi. Wakasikiliza mafundisho ya redio, wakasomewa kitabu na kiongozi wao au wakakisoma wenyewe, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi. Angalieni utaratibu wake: kusoma hakukuwa mwisho wa kazi, kulikuwa mwanzo wake. Maneno ya kitabu yalipimwa kwa majadiliano, na majadiliano yakapimwa kwa jembe.

Mwaka 2015 Tanzania ilianza mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili uliotanguliza Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Twausifu, maana mtoto asiyetambua herufi hawezi kufika popote. Walakini msingi si nyumba. Mtaalamu wa Marekani Jeanne Chall aliandika mwaka 1983 ya kuwa mtoto kwanza hujifunza kusoma, kisha husoma ili ajifunze, na ya kuwa hapo penye kivuko ndipo wengi wakwamapo. Mwenzake Nell Duke alichungua madarasa 20 ya watoto wa mwaka wa kwanza katika nchi hiyo hiyo, akatoa matokeo mwaka 2000: kwa wastani maandishi ya maarifa yalipata dakika 3.6 tu kwa siku, na watoto wa mitaa ya maskini walipata pungufu kuliko wenzao. Ikiwa hali ni hiyo penye vitabu tele, haifai sisi kudhani ya kuwa mtoto wetu atayajua yenyewe bila kufundishwa.

Basi yafundishwe namna gani? Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown walitoa habari za wanafunzi wa darasa la saba huko Marekani walioweza kutamka maneno vizuri lakini hawakufahamu walichosoma. Kama yule kijana wetu wa dirishani. Waliwazoeza mambo manne: kueleza kwa kifupi walichosoma, kuuliza swali juu yake, kufumbua neno au fungu lisiloeleweka, na kubashiri litakalofuata. Kwanza mwalimu alionyesha, kisha wanafunzi walipokezana kushika kazi ya mwalimu. Kufahamu kwao kukaongezeka sana. Kazi hii haitaki mitambo wala fedha nyingi; yataka mwalimu na ukurasa mmoja.

Tuseme ukurasa huo waeleza habari za malaria. Kabla ya kusoma, mwalimu na aulize: "Mwajua nini juu ya mbu?" Wengi watasema kila mbu huleta malaria. Hayo na yaandikwe ubaoni, kweli na uwongo pamoja. Kisha watazame vichwa vya habari na picha, waseme wadhaniavyo kila fungu litaeleza nini. Ndipo wasome, wakisimama kila baada ya fungu. Watakuta ya kuwa aambukizaye malaria ni mbu jike wa aina ya Anofelesi, aghalabu aumaye usiku, na ya kuwa mbu hupita hali nne: yai, kiluwiluwi, buu la majini, na mbu mzima. Hapo mwalimu na arudi ubaoni aulize, "Lipi tulilosema halikuwa kweli?" Tena mtoto ajibupo asiridhike na jibu tupu, bali amwambie, "Nionyeshe mstari." Neno hilo moja, likizoewa, laweza kufanya kazi kubwa kuliko mitihani kumi, maana lamfundisha mtoto ya kuwa jibu hutoka katika maandishi, halitoki katika kubahatisha wala katika uso wa mwalimu. Mwisho watoto wachore hali zile nne kwa mpango wake, na mmoja asimame aeleze kwa maneno yake mwenyewe, kana kwamba amweleza mtu wa nyumbani asiyejua kusoma.

Twajua yatakayosemwa. Walimu watasema darasa lina watoto wengi na vitabu ni vichache. Ni kweli, wala hatuwalaumu. Lakini maandishi ya maarifa si lazima yatoke katika kitabu: pakiti ya mbegu, ratiba ya mabasi, tangazo la chanjo, bei za sokoni zilizoandikwa ubaoni, vyote hivi ni masomo. Wengine watasema mtihani hauulizi mambo ya pakiti. Nasi twajibu ya kuwa swali lenyewe la mtihani ni andiko la maarifa. Lina sharti, lina neno "isipokuwa", na mtoto mwenye akili nzuri huanguka kwa sababu amejibu asiloulizwa.

Wako pia wasemao ya kuwa jambo hili lingoje hata sekondari. Hao wakumbuke ya kuwa katika shule nyingi za serikali za Tanzania mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari huanza kupewa Jiografia, Bayolojia na Fizikia kwa Kiingereza. Asiyejua kuwinda maana katika ukurasa wa Kiswahili, lugha aijuayo, ataiwindaje katika lugha ya ugenini? Atakariri, na akariri hata mwisho. Bali aliyezoea kuuliza, kutafuta mstari na kufupisha, ataichukua desturi hiyo na kuvuka nayo. Samaki mkunje angali mbichi.

Tena lawama isiwe ya shule peke yake. Sisi ndio tuandikao matangazo. Tangazo lenye sentensi ya mistari tisa, ambalo tarehe imefichwa katikati na sharti kubwa limewekwa mwisho kwa herufi ndogo, litamshinda hata aliyesoma vyema. Mwandishi wa tangazo na ajiulize mambo matatu kabla ya kulibandika: nani apaswaye kufanya jambo hili, afanye nini, na mwisho ni lini? Hayo matatu yakae juu, kwa maneno mafupi. Kuandika kwa Kiswahili chepesi si kushusha heshima ya afisi. Heshima ya afisi hushuka pale watu mia wanapokuja kuuliza jambo lililokwisha kuandikwa ukutani.

Kwa hiyo twaleta mashauri kwa matawi yote. Kwanza, kila tawi likusanye matangazo na fomu za zamani ambazo ni za watu wote, wala si za siri, lizipeleke kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu kwa ruhusa ya wakubwa wa afisi. Pili, wanachama wawili au watatu wajitoe kwenda shuleni mara moja kwa mwezi, si kuhutubu, bali kukaa na watoto na kusoma nao ukurasa mmoja, mwalimu akiwa ndiye mwenye darasa. Tatu, kila mzazi miongoni mwetu aanze nyumbani jioni hii. Usimwambie mwanao, "Soma," ukaridhika kwa kusikia sauti yake. Mpe karatasi ya dawa au bili ya maji, umwache asome kimya, kisha umwulize, "Yatutaka tufanye nini, na umeona mstari gani?"

Ukiona amesita, usimkaripie. Kaeni pamoja mwutafute mstari huo. Na mashauri ya matawi juu ya jambo hili yaletwe kwa maandishi kabla ya mkutano ujao, yawe mafupi, yataje nani atafanya nini, na lini.

Mhariri.