Acheni Kubishana Risasi, Jengeni Uzio

Nasema hivi nikijua watakaonuna ni wengi: kijana wa Ndara anayekesha akibishana ni risasi gani ya shotgani inafaa kulinda nyumba anapigana vita vya watu wengine. Vita vyetu viko hapa hapa. Vina miguu minne na uzito wa tani kadhaa, na vinakuja usiku mahindi yakianza kubeba.

Kila wiki lazima mtu aniingie inbox. "Bro, siku nikipata leseni ninunue risasi gani?" Halafu ananitumia video ya mzee wa Marekani mwenye kofia na ndevu, anapiga risasi kwenye bonge la jeli, kisha anapima kwa rula imezama inchi ngapi. Video ni tamu, sikatai. Lakini nani kati yenu ameshawahi kuvamiwa na jeli?

Sawa, tuipe haki yake kwanza. Wenyewe wanabishania nini? Shotgani moja inakubali risasi za aina tatu kuu. Kuna yenye marisaa madogo madogo ya kuwindia ndege. Kuna ya marisaa makubwa ya kuwindia wanyama kama paa, ambayo kwa bunduki ya geji 12 mara nyingi huwa na marisaa manane au tisa, kila moja likiwa na upana wa milimita 8 na kidogo. Na kuna ile yenye donge moja zito, gramu 28 hivi. Swali lao ni hili: ipi itamsimamisha mwizi bila kupita ukutani ikampata mtoto aliyelala chumba cha pili? Kwao ni swali la maana, kwa sababu kuta zao za ndani ni fremu za mbao zilizopigiliwa bodi nyembamba za jasi. Marisaa makubwa yanazitoboa kadhaa mfululizo. Madogo yanaishiwa nguvu mapema, lakini pia hayana uhakika wa kumsimamisha mtu.

Sasa rudi nyumbani. Ukuta wako wewe ni wa nini? Fito na udongo, ama mabati, ama matofali ya kuchoma kama mambo yamekunyookea. Bati la geji 30 halizuii marisaa makubwa, linatobolewa kama karatasi. Nyuma ya bati hilo kuna jiko la mama. Nyuma ya jiko kuna simba ya kaka yako, na nyuma ya hapo ni kwa jirani. Ukifyatua usiku, na moyo unaenda mbio, hujui umempiga nani mpaka kupambazuke. Yule mzee wa video hajawahi kulala kwenye boma letu. Ushauri wake ni wa nyumba yake.

Halafu kuna sheria, na hapa ndipo wengi mnaongea tu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haikuruhusu kuwa na bunduki wala risasi hata moja bila cheti. Cheti kinatolewa na Bodi ya Leseni za Silaha, na hata kiasi cha risasi unazoruhusiwa kuwa nazo kinaandikwa humo. Si kitu cha kuingia dukani Voi ukachagua rangi. Desemba 2018, waziri wa usalama wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliagiza raia wote wenye bunduki wakaguliwe upya. Hao ni watu waliokuwa na vyeti mkononi. Wewe uko na kitambulisho na ndoto.

Na tuseme umepata. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujitetea na kutetea mali kutapimwa kwa misingi ya sheria ya kimila ya Kiingereza. Kwa lugha ya mtaa: nguvu unayotumia lazima ilingane na hatari iliyo mbele yako. Mwizi wa kuku aliyekwisha ruka ua anakimbia, ukimpiga mgongoni, wewe ndiye utakayesimama kizimbani. Ile habari ya "nyumba yangu, sheria yangu" mnayosikia kwenye video ni ya baadhi ya majimbo ya Marekani. Hapa haijafika.

Lakini hayo yote ni ya pembeni. Twende kwenye jambo lenyewe.

Uliza mama yeyote wa Sagalla ni nini kinachomnyima usingizi. Atakutajia ndovu kabla hajamaliza kukuonyesha kiti. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu ndovu 36,280 Kenya nzima, na karibu 15,000 kati yao wako kwenye eneo la Tsavo. Yaani wawili kati ya kila watano ni majirani zetu. Mbuga za Tsavo zilitangazwa 1948, babu zetu wakiwa hapa tayari, na leo mbuga zinachukua takriban asilimia 62 ya kaunti hii. Sisi tumebanwa kwenye kinachobaki, tukigawana na mashamba ya mkonge, maranchi, barabara na reli. Kwa hiyo mtu akisema Wataita na Wasagalla wameingilia njia ya wanyama, mwambie akae chini ahesabu vizuri nani aliingilia nani.

Hasira iko, na ni halali. Mtu analima tangu mvua ya kwanza, anapalilia kwa jembe, na usiku mmoja tu familia ya ndovu inamaliza ekari. Tanki la maji limepasuliwa. Ghala limevunjwa. Watoto hawaendi shule asubuhi kwa sababu kuna ndovu amesimama njiani. Na kuna nyumba ambazo hazikupoteza mahindi, zilipoteza baba.

Hapo ndipo kijana anasema: "Ndio maana tunataka shotgani." Sikiza sasa.

Shotgani haimsimamishi ndovu. Ngozi yake ni nene, na fuvu lake ni mfupa mzito uliojaa vijishimo kama sega. Marisaa yatakayomwua mtu yatamtia ndovu vidonda tu. Na ndovu aliyejeruhiwa haendi kulala. Anabaki karibu, ana maumivu, ana hasira, na mtu wa kwanza atakayekutana naye alfajiri huenda ni mama anayeenda kuteka maji wala si wewe uliyefyatua. Umelinda nyumba gani hapo? Tena ndovu ni mnyama aliyelindwa kisheria. Ukimpiga risasi unatoka kuwa mlalamishi unakuwa mshtakiwa, na mahindi yako yanasahaulika.

"Basi nitapiga juu, nimtishe." Mlio bila maumivu ndovu anauzoea. Wazee wetu wamepiga mabati, wamewasha moto, wamepuliza mavuvuzela. Wiki ya kwanza anakimbia, wiki ya pili anasogea kando, wiki ya tatu anakula huku anakusikiliza.

Kuna kitu asichokizoea. Nyuki.

Na msiniambie hiki ni kitu cha wazungu kwenye makala, kiko hapa hapa Sagalla. Tangu 2009 wakulima wa Mwakoma wamekuwa wakijenga uzio wa mizinga pamoja na mtafiti Lucy King na shirika la Save the Elephants. Kazi yake ni rahisi kuelewa. Unasimamisha nguzo kuzunguka shamba, unaning'iniza mizinga kila mita kumi, mmoja wa kweli, unaofuata wa bandia, na yote inaunganishwa kwa waya. Shamba la ekari moja linahitaji mizinga kumi na mbili ya kweli na kumi na mbili ya bandia. Ndovu akija usiku akasukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka. Ngozi nene haimsaidii, kwa sababu nyuki wanatafuta machoni, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga. Ndovu aliyewahi kuumwa hasahau. Watafiti wamegundua kwamba ndovu hata wana mngurumo wa kuonyana kwamba nyuki wapo.

Utafiti uliofuatilia mashamba ya hapa kwa miaka mingi ulikuta kwamba katika misimu ya mazao mazuri uzio huo ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia. Nitajie risasi yoyote yenye rekodi hiyo. Na juu ya hapo unavuna asali ukauze.

Siuzi ndoto. Nyuki nao wana matatizo yao. Ukame wa 2017 ulipiga mizinga vibaya, maua hakuna, nyuki wakahama. Nyegere naye anapenda asali kukushinda. Nguzo zinaliwa na mchwa, waya unahitaji kukaguliwa. Ndiyo maana mtu mwenye akili hategemei kitu kimoja. Kule Sasenyi, Kasigau, wamejaribu uzio wa Kasaine, wa vipande vya mabati vinavyoning'inia, vikipigwa na upepo vinalia na kumulika. Kuna matambara yaliyochovywa mafuta machafu na pilipili. Kuna kupanda mimea ambayo ndovu haitamani, kama pilipili yenyewe, kwenye ukingo wa shamba. Changanya viwili vitatu, badilisha kila msimu, asizoee.

Najua kuna atakayesema: "Wewe umeacha chuo, utatufundisha nini?" Ndiyo, niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa. Kusoma sikuacha. Na nilichosoma ni hiki, kisome na wewe.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kifungu cha 25, inasema mtu akiuawa na mnyama aliyeorodheshwa, familia inalipwa shilingi milioni 5. Ulemavu wa kudumu ni milioni 3. Majeraha mengine ni hadi milioni 2. Mazao na mali vinafidiwa kwa bei ya soko. Lakini kifungu hicho hicho kina mwiba ndani: hakuna fidia ya mazao, mifugo wala mali kama mwenyewe alishindwa kuchukua hatua za kutosha kuvilinda. Umeona? Sheria inakuuliza ulifanya nini kabla. Mwenye uzio, picha na tarehe ana jibu. Mwenye ndoto ya shotgani hana.

Na hapa ndipo hasira yangu inapohama kutoka kwenu kwenda juu. Kila mtu hapa anajua fidia inavyochelewa. Fomu inajazwa, inapelekwa, kamati ya kaunti inakaa, jina linaingia kwenye orodha, kisha miaka inapita. Familia imezika, imemaliza matanga, mtoto aliyekuwa darasa la tatu amemaliza la nane, pesa bado. Askari wa wanyamapori wanapigiwa simu saa tatu usiku wanafika kukishakucha, si kwa sababu wote hawajali, ila gari ni moja na eneo ni kubwa mno. Huo ndio uzembe wa kupigiwa kelele. 2022 ukame uliua ndovu 205 nchini kati ya Februari na Oktoba, na dunia nzima ikalia. Walie, ni haki. Lakini mkulima aliyepoteza shamba kwa ndovu hao hao wenye kiu, nani alimlilia?

Kijana anayeota bunduki anawasaidia wakubwa bila kujua. Anawaambia: msijali, nitajilinda mwenyewe. Ndicho wanachotaka kusikia. Mtu akijilinda mwenyewe, nani atawauliza pesa za fidia, au mizinga ya ruzuku, au gari la pili la doria?

Kuhusu wezi, sikatai wapo. Lakini angalia wanaingiaje: mlango wa kitasa kibovu, taa hakuna, mbwa hakuna, jirani hamsalimiani. Rekebisha komeo, weka taa ya sola, fuga mbwa wawili, mjuane nyumba kumi. Bunduki yenyewe ni kitu ambacho jambazi anakitafuta. Ikijulikana unayo, umempa sababu ya kuja na wenzake.

Kwa hiyo nawaomba wasee wangu wa Ndara, Voi, Mbololo, Kasigau, mfanye haya kabla ya mvua za vuli. Kaeni vijana kumi wenye mashamba yanayopakana mjenge uzio mmoja mrefu, ni nafuu kuliko kila mtu na wake. Pigeni picha za shamba kila wiki, na tarehe ionekane. Ndovu akipita, ripoti siku hiyo hiyo na udai karatasi yenye muhuri. Kamati ya fidia ikikaa, ulizeni kwa sauti orodha imefika jina la ngapi. Mwanasiasa akija kuomba kura, asitoke hapo kabla hajataja tarehe ya malipo. Na usiku, tafadhali, mtu asitoke peke yake na tochi kumfukuza ndovu. Mahindi hupandwa tena.

Wa video za jeli aendelee kutazama, bando ni lake. Mimi Jumamosi nachimba mashimo ya nguzo kwa mjomba. Mwenye jembe na mikono aje.