Mume Naye Aitwe: Neno juu ya Mama Aliyepasuliwa na Mama Aliyekoma Hedhi



Kuna jambo ambalo wengi wanalijua lakini wachache wanalisema. Halisemwi kanisani, halisemwi sokoni, na mara nyingi halisemwi hata hospitalini. Ni habari ya mama aliyepasuliwa tumboni au kwenye njia ya uzazi, akapona, akarudi nyumbani, na sasa anaogopa usiku ukifika. Tena ni habari ya mama ambaye damu yake ya mwezi imekoma, naye anasikia moto na ukavu pale ambapo zamani hakusikia kitu. Tutaandika kwa heshima, kwa kuwa mwili wa mwanamke si kitu cha kuchekwa. Lakini tutaandika wazi, kwa sababu mgonjwa asiyesema hapati dawa.

Tuwaze mama mmoja wa Makobola, mwenye miaka 52. Anauza ndakala kavu. Amezaa watoto 8. Kizazi chake kilishuka, hata hakuweza kukaa vizuri wala kubeba kikapu chake. Alipelekwa kupasuliwa, na kazi ilikwenda vizuri. Siku ya kutoka aliambiwa asibebe mzigo mzito, tena asilale na mume wiki kadhaa. Basi, hayo tu. Mume wake alikuwa nje chini ya mti, akingoja. Hakuna aliyemwita. Njiani hawakusema neno.

Wiki zilipopita walikutana, na mama akasikia maumivu kama ya kisu. Hakulia. Usiku wa pili alisema ana homa. Usiku wa tatu alikwenda kulala na wajukuu. Mume akawaza moyoni: Huyu hanipendi tena, labda kuna mwanamume mwingine. Mama naye akawaza: Wamenikata, mimi si mwanamke tena. Wote wawili walikosea, wala hapakuwa na mmoja aliyekuwa mbaya. Walikosa mafundisho ya dakika 10 siku ile ya kutoka hospitali.

Mama huyu ni mfano tu. Lakini wewe unayesoma huko Uvira, Kalundu, Swima au Baraka, je, hujaona nyumba ya namna hii? Shauri letu ni hili: mama anayepasuliwa sehemu za uzazi asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ya kufundishwa habari ya kulala na mume, na yeye mwenyewe akikubali, mume naye aitwe asikie kwa masikio yake.

MAUMIVU HAYA YATOKA WAPI

Si uchawi, wala si laana, wala si dalili ya uzinzi. Ni kazi ya mwili.

Ndani ya mwanamke mna vifuko viwili vya mayai. Vifuko hivi hutoa dawa ya asili iitwayo homoni, ambayo huifanya njia ya uzazi iwe nene, laini, yenye maji na yenye kunyumbuka. Kwa wanawake wengi vifuko hivi huacha kazi kati ya miaka 45 na 55. Mama akipitisha miezi 12 bila damu, nasi tukijua hana mimba wala ugonjwa mwingine, twasema amekoma hedhi. Hapo ngozi ya ndani huwa nyembamba na kavu. Huwasha, huchoma, na huweza kuchubuka mume akimwingilia. Mkojo nao huweza kuchoma mara kwa mara. Joto lile la ghafula linalowasumbua akina mama huelekea kupungua kadiri miaka inavyopita. Lakini ukavu mara nyingi hauondoki wenyewe bila matunzo.

Sasa, mama akipasuliwa na vifuko vyote viwili vikatolewa, hukoma hedhi siku hiyo hiyo, hata kama ana miaka 35. Kikitolewa kizazi peke yake na vifuko vikaachwa, damu hukoma, lakini homoni huendelea. Ndiyo maana kila mama yafaa aulize kabla ya kutoka: "Mganga, mmetoa nini, na mmeacha nini?"

Tena kuna kovu. Kovu ni gumu kuliko ngozi, nalo hujivuta. Baada ya kutengeneza fistula, au kurudisha kizazi kilichoshuka, njia huweza kuwa fupi au nyembamba kuliko kwanza. Mwisho, kuna hofu. Mwili ulioumia hukumbuka. Misuli hujifunga yenyewe, na kujifunga huko huzidisha maumivu. Hayo yanawapata sana wanawake walioumizwa na watu wa vita. Hao wahitaji matunzo ya moyo pamoja na ya mwili, wala wasiharakishwe.

KAZI ILIYOFANYWA KATIKA NCHI YETU

Watu wa kando ya ziwa wanajua habari ya hospitali ya Lemera, milimani juu ya bonde la Ruzizi. Huko Mganga Denis Mukwege alifanya kazi na kuona mateso ya wanawake katika kuzaa, akaenda Ufaransa kusomea magonjwa ya wanawake, kisha akarudi. Mwezi wa 10 mwaka 1996 hospitali ile ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi kule Bukavu, chini ya kanisa la Kiprotestanti la CEPAC. Tangu hapo maelfu ya wanawake wametengenezwa fistula na kizazi kilichoshuka, na mwaka 2018 yeye alipewa Zawadi ya Nobel ya Amani, pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Twaona fahari juu ya kazi hiyo. Kumrudisha kati ya watu mama aliyekuwa akivuja mkojo mchana na usiku ni jambo kubwa sana. Lakini twasema, kazi ya kisu ni nusu. Nusu ya pili iko nyumbani, nayo haifanywi na mganga. Yafanywa na mume, na mke, na wale wanaowashauri.

WATU WASEMAVYO

Wengine husema, "Ni aibu kusema na mwanamume mambo haya." Twajibu: huyo mwanamume ndiye mume wake. Aliyejua kumposa na kutoa mali, ashindwe kusikia habari ya afya ya mke wake? Na kama ni aibu muuguzi msichana kumfundisha mzee, na afundishwe na muuguzi mwanamume mwenye umri.

Wengine husema, "Mama wa miaka 55 amekwisha kuzaa. Mambo haya yamhusu nini?" Hayo ni maneno ya mtu asiyejua ndoa. Watu wazima wapendana. Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, anawaagiza mume na mke kwa kipimo kimoja, wala hamwambii mke peke yake. Anataja hata kujitenga kwa muda, lakini kwa mapatano ya wawili. Mapatano hayawezi kuwapo ikiwa mmoja hajui lolote. Tena ukavu huu huwasumbua wajane na wasioolewa pia, katika kutembea na katika kukojoa. Nao wastahili kutibiwa.

Wengine husema, "Mume akijua mke ana shida, ataoa wa pili." Hatukatai kwamba wako waume wa namna hiyo. Kwa hiyo tulisema: mama akikubali. Siri ya mwili wake ni yake, wala muuguzi asiitoe bila ruhusa. Kama mume ndiye aliyemwumiza, asiitwe. Lakini twaamini kwamba waume wengi hukimbia kile wasichokifahamu. Anayedhani amekataliwa hukasirika. Anayejua mke wake ana kidonda, huyo aweza kungoja.

YAFAAYO KUFANYWA

1. Ngojeni. Baada ya kutolewa kizazi, au kurudisha kizazi kilichoshuka, ngojeni wiki 6 hadi 8. Baada ya kutengeneza fistula, ngojeni miezi 3 kwa uchache. Msihesabu wenyewe tu. Mama arudi apimwe kwanza, ndipo aruhusiwe.

2. Mama aliyetengenezwa fistula akipata mimba tena, aende hospitali mapema. Mtoto yafaa azaliwe kwa kupasuliwa, la sivyo kazi yote huweza kuharibika.

3. Anzeni pole pole. Kwanza ongeeni, mshikane, mlale karibu bila haja nyingine. Siku mtakayokutana, mke ndiye aongoze: yeye achague namna ya kulala isiyomwumiza, yeye aseme "ngoja" na "basi". Mume akisikia "basi", na aache mara moja.

4. Tumieni kitu cha kulainisha. Ulizeni hospitalini au katika duka la dawa malainisho ya maji. Mafuta safi ya mimea, yasiyo na manukato wala pilipili, nayo husaidia ngozi iliyokwisha kupona. Lakini jueni: mafuta hupasua kondomu za mpira. Mwenye kutumia kondomu na atumie malainisho ya maji tu.

5. Kuna dawa ya homoni ya kupaka au kuweka ndani ya njia ya uzazi. Kwa kawaida hutumiwa kila siku kwa wiki 2, kisha mara 2 kwa wiki. Hufanya kazi polepole, kwa majuma mengi, kwa hiyo mama asikate tamaa upesi. Aitoe mganga, si mchuuzi wa sokoni. Aliyewahi kuwa na kansa ya ziwa lazima amwambie mganga kwanza.

6. Ikiwa njia imekuwa nyembamba, kuna mazoezi ya kuipanua kidogo kidogo kwa vyombo laini, na ya kulegeza misuli. Hayo hufundishwa hospitalini. Usijaribu kwa kijiti wala kitu cha jikoni.

YASIYOFAA

Usioshe ndani kwa sabuni, chumvi wala dawa kali. Maji safi kwa nje yatosha. Usiweke majani, tumbaku, wala jiwe la shabu ili kukaza njia au kuikausha. Mfumu akikuambia kwamba kukauka kwampendeza mume, jua kwamba anakuuzia kidonda. Ngozi iliyokauka hupasuka, na mahali palipopasuka magonjwa huingia, hata ukimwi.

RUDI HOSPITALI UPESI

Rudi ukitokwa damu, hata tone moja, baada ya mwaka mzima bila hedhi. Mara nyingine ni ukavu tu, lakini mara nyingine ni kansa, na kansa ikionekana mapema huweza kutibiwa. Rudi ukiona usaha au harufu mbaya, ukipata homa au maumivu makali ya tumbo, au mkojo ukianza kuvuja tena. Usingoje kwa ajili ya haya. Wauguzi wameona mengi, nao hawatakushangaa.

NENO LA MWISHO

Kwenu akina mama wazee wa kanisa: ninyi huwafundisha mabibi arusi kabla ya harusi. Kwa nini mafundisho yaishe siku ile? Kaeni tena na wanawake wenye miaka 45 na zaidi, mwaambie yale mliyopitia ninyi wenyewe. Neno la mama mzee kijijini hufika mahali ambapo karatasi hii haifiki.

Kwenu akina baba: mke wako akilazwa kupasuliwa, usikae chini ya mti siku ya kutoka. Piga hodi. Sema, "Mimi ni mume wake. Kama anakubali, nataka kusikia." Hakuna muuguzi mwema atakayekucheka.

Na wewe mama unayesoma peke yako, umeficha kitabu hiki chini ya kitenge: maumivu yako si mwisho wa ndoa yako, wala si kipimo cha uanamke wako. Yana sababu, na mengi yana dawa. Kama huwezi kumwambia mume kwa kinywa, mpe kitabu hiki akisome. Kama hasomi, mwombe mtoto mkubwa wa dada yake, au mama mzee unayemwamini, amsomee. Kisha njoni wawili.